Kukaza Konea Nairobi: Bili ya Kuzuia na Bili ya Kuona

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana keratokonasi, swali la kwanza analopeleka dirishani ni hili: krosilinki ni pesa ngapi? Ni swali la haki. Lakini jibu lake, hata likiwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, halimwambii mzazi huyo atatumia kiasi gani. Ugonjwa huu huja na bili mbili. Moja ni ya kuuzuia usisonge mbele, nyingine ni ya kumwezesha mgonjwa kuona. Krosilinki hulipia ile ya kwanza tu. Asiyeelezwa hivyo mapema humaliza akiba, na mchango wa ukoo juu yake, kisha anashangaa kwamba mtoto bado hasomi ubao.

Konea ni ule utando mwangavu ulio mbele kabisa ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Keratokonasi huifanya dhaifu na nyembamba, na shinikizo la ndani ya jicho huisukuma nje mpaka ikachongoka kama ncha ya pia. Mara nyingi huanza katika miaka ya ujana, na huweza kuendelea hadi mtu anapokaribia miaka 40. Dalili zake hufichika ndani ya mambo ya kawaida: miwani inayobadilishwa kila baada ya miezi michache bila kuridhisha, taa za magari zinazotawanyika usiku, herufi zenye kivuli, jicho moja kuwa baya kuliko la pili. Si ugonjwa wa watu wachache sana kama ilivyodhaniwa zamani. Utafiti uliofanywa Perth, Australia, kwa vijana wa miaka 20 ulimkuta mmoja katika kila 84 akiwa nao.

Matibabu ya kukaza konea, ndiyo krosilinki yenyewe, yalianzia Dresden, Ujerumani. Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler walichapisha matokeo ya wagonjwa wao mwaka 2003, na Marekani iliyaidhinisha matibabu hayo mwaka 2016. Daktari hutia jicho matone ya ganzi, huondoa ngozi ya juu kabisa ya konea kwa upana wa takriban milimita 9, hutonesha riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa, kisha huielekezea konea miale ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Miale ikikutana na vitamini hiyo, nyuzi za kolajeni zilizo ndani ya konea hushikana zaidi na konea hukakamaa. Hakuna kisu kinachoingia ndani ya jicho, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Je, yanafaa kulipiwa? Jaribio la KERALINK la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2021, lilifuatilia vijana 60 wa miaka 10 hadi 16. Baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 7 ya waliokazwa konea, na kwa asilimia 43 ya walioendelea na miwani na lenzi tu. Zisome tarakimu hizo kwa jicho la mnunuzi. Zinasema kwamba kwa kijana pesa hizi zinapunguza sana hatari. Zinasema pia kwamba zaidi ya nusu ya wasiotibiwa hawakuzidiwa katika muda huo, na kwamba wachache walizidiwa hata baada ya kutibiwa. Anayekuuzia uhakika wa asilimia 100 anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana fedha za kwanza ziende kwenye ramani ya konea. Hii ni picha inayopigwa na mashine maalumu kwa dakika chache, bila maumivu, ikionyesha umbo na unene wa konea nukta kwa nukta. Kwa mtu mzima, daktari makini hutaka ramani mbili zilizopishana miezi kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, ili aone kama kilele cha mchongoko kimepanda. Kupanda kwa dioptari moja au zaidi ndani ya mwaka ni dalili kwamba ugonjwa unatembea. Mtu wa miaka 38 ambaye ramani zake hazijabadilika huenda asihitaji krosilinki kamwe, na kumuuzia ni kumpotezea pesa. Kwa mtoto wa miaka 13 hesabu ni nyingine. Kwake ugonjwa hukimbia, na madaktari wengi hawasubiri ramani ya pili. Miezi sita ya kusubiri bei ishuke inaweza kumgharimu mistari miwili ya ubao wa kupimia macho, na mistari hiyo haimrudii kwa krosilinki.

Kuna mtego mmoja hapa. Ramani za mashine tofauti hazilingani vizuri. Ukipiga ya kwanza Westlands na ya pili Upper Hill kwa sababu kule umepunguziwa elfu moja, huenda daktari akashindwa kusema kama tofauti anayoiona ni ya jicho au ya mashine. Chagua mahali pamoja ubaki hapo, na uombe nakala kila mara, kwa karatasi au kwa barua pepe. Na kama unavaa lenzi ngumu, zivue muda ambao daktari atakupangia kabla ya kipimo, mara nyingi wiki mbili au zaidi, kwa kuwa lenzi huibana konea na ramani ikatoa umbo la uongo.

Sasa bei za matangazo. Kliniki mbili zinaweza kutaja kiasi kinachotofautiana sana huku zikiuza vitu visivyofanana. Tuchukue tarakimu za mfano, za kufanyia hesabu tu. Kliniki ya kwanza inasema 60,000 kwa jicho. Ukiuliza zaidi, unagundua hiyo ni ya mashine na chumba. Kumwona daktari kabla ya siku yenyewe ni 4,000, ramani 7,000, dawa za kwenda nazo nyumbani 5,000, lenzi laini inayofunika kidonda 3,000, marudio manne ya 3,500 kila moja yanafika 14,000, na ramani ya kuhakikisha baada ya miezi sita ni 7,000 tena. Jumla 100,000. Kliniki ya pili ilisema 90,000 na ukakaribia kuondoka, kumbe bei hiyo inabeba yote hayo mpaka miezi sita. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu. Omba bei kwa maandishi, ya jicho moja, ikitaja kila kilichomo na kila kisichokuwemo, pamoja na jambo linalosahaulika kabisa: konea ikiambukizwa au kidonda kikichelewa kufunga, nani analipia marudio ya ziada?

Watoto wadogo wasioweza kulala tuli kwa saa nzima huhitaji kulazwa usingizi. Hapo bili huongezewa malipo ya daktari wa usingizi na ya chumba cha upasuaji. Vijana wengi wa sekondari huvumilia kwa matone ya ganzi wakieleweshwa vizuri, kwa hiyo usikubali gharama hiyo kabla daktari hajazungumza na kijana mwenyewe.

Utaambiwa pia kwamba kuna njia za aina mbalimbali. Ile ya Dresden hutumia miale ya miliwati 3 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika 30. Njia ya haraka hutumia miliwati 9 kwa dakika 10. Nishati inayofika kwenye jicho ni ile ile, na njia zote mbili zinatumika duniani. Kwa maoni yangu usilipie mwendo kasi. Mashine inayomaliza mapema inaipa kliniki nafasi ya kumhudumia mgonjwa mwingine, na faida hiyo tayari ni yake. Njia ya tatu ni ile isiyoondoa ngozi ya juu ya konea. Huuma kidogo na hatari ya maambukizi ni ndogo, lakini riboflavini hupenya kwa shida, na tafiti nyingi zimeikuta ikizuia ugonjwa kwa nguvu pungufu. Kwa kijana ambaye ugonjwa wake unakimbia, siku tatu nne za maumivu si sababu ya kutosha ya kuichagua.

Kabla ya yote ulizia unene. Njia ya kawaida inataka konea isiyopungua maikroni 400 baada ya ngozi ya juu kuondolewa, kwa sababu miale ikipita kwenye konea nyembamba mno inaweza kuziumiza seli za ndani ambazo hazioti tena. Kwa konea nyembamba kuna riboflavini maalumu ya kuivimbisha kwa muda na kuna mipango mingine ya miale, ila inahitaji mkono wenye uzoefu. Uliza vilevile kama chupa ya riboflavini itafunguliwa mpya kwa ajili yako, nguvu ya taa ilipimwa lini, na stima ikikatika katikati ya matibabu kinafanyika nini. Muuguzi anayejibu bila kukasirika amekuambia mengi kuhusu kliniki yake.

Safari ya wagonjwa wengi huanzia katikati ya jiji, kwenye maduka ya miwani ya Moi Avenue, Kimathi Street na mitaa ya karibu, ambako bango la kupimwa macho bure haliko mbali. Maduka haya yana kazi yake, na mpimaji mzuri huutambua mchongoko mapema akampeleka mgonjwa kwa daktari. Wasiwasi uanze pale mtoto anapouziwa miwani ya tatu ndani ya mwaka mmoja bila mtu yeyote kutaja ramani. Thamani ya jozi zile tatu ingelipia kipimo.

Kutoka hapo barabara zinagawanyika. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo ya rufaa ya umma: foleni ni ndefu, lakini gharama hupungua, na kuna maafisa wa ustawi wa jamii wanaosikiliza familia isiyojiweza. Upper Hill, Ngong Road, Parklands na Westlands ni ukanda wa hospitali na kliniki za binafsi, ambako tarehe hupatikana haraka na bei hupanda nayo. Upande wa magharibi kuna Lions SightFirst ya Loresho, hospitali ya hisani inayojulikana pia kwa upandikizaji wa konea, na mbele zaidi, ukivuka mpaka wa kaunti kuingia Kiambu, kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, ambacho kimetibu macho ya watu wa kanda hii kwa miongo mingi. Mtu wa Kangemi, Uthiru au Kinoo ana sababu nzuri ya kuanzia upande huo kabla ya kukimbilia mjini, kwa maana marudio ni mengi na nauli ya watu wawili hujumlishwa kila mara. Piga simu kwanza uulize kama daktari bingwa wa konea yupo, siku gani, na kama krosilinki inafanywa hapo hapo au utapelekwa kwingine. Jina la daktari unaweza kulihakiki kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni.

Wapo wanaofikiria India. Kwa krosilinki ya kawaida sioni hesabu ikikubali. Jicho linataka kuonwa baada ya siku moja, baada ya siku tatu hadi tano lenzi ya kufunika inapotolewa, kisha mwezi, miezi mitatu, sita na mwaka. Tiketi mbili, malazi ya wiki na daktari wa Nairobi atakayepokea kazi ya mwenzake ni bei kubwa kwa tiba inayopatikana nyumbani. Safari inaweza kuwa na maana kwa konea ngumu, kwa mfano iliyo nyembamba kupita kiasi, baada ya daktari bingwa wa hapa kuandika kwamba amefika mwisho wa uwezo wake.

Upande wa bima, shida kubwa ni droo ambamo dai linawekwa. Bima nyingi za kazini zina kikomo kidogo cha miwani na kikomo kikubwa cha upasuaji. Zingine zinakataa waziwazi tiba ya leza ya kuachana na miwani. Krosilinki ikiandikwa vibaya huangukia kwenye kikomo kidogo au kwenye kukataliwa. Daktari aandike ugonjwa kwa jina lake na kwa namba yake ya orodha ya kimataifa, H18.6 katika ICD-10, aambatishe ramani inayoonyesha kwamba unaendelea, na aseme kwamba hii ni tiba ya kuzuia upotevu wa uwezo wa kuona. Omba idhini ya bima kabla ya tarehe, kwa maandishi. Kwa upande wa SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na inayokata asilimia 2.75 ya mshahara, hospitali ikuonyeshe kwenye mfumo wao kitakacholipwa kabla hujaweka saini. Ahadi ya mdomo ya dirishani haimzuii mhasibu kukudai baadaye.

Tuje kwenye bili ya pili, ile ya kuona. Baada ya krosilinki jicho huwa na ukungu kwa wiki kadhaa, na wagonjwa wengine huona vibaya zaidi ya mwanzo kabla ya kutulia. Baadaye wapo wanaopata nafuu kidogo, ila hiyo ni bahati njema, usiinunue. Mchongoko ukiwa mdogo, miwani hutosha. Ukizidi, miwani hushindwa kwa sababu uso wa konea hauko sawa, na hapo lenzi ngumu huingia. Lenzi hiyo hutandaza uso mpya laini juu ya ule uliopinda, na mtu aliyeishi miaka ndani ya ukungu huona majani ya mti kwa mara ya kwanza. Stephen Curry, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alieleza mwaka 2019 kwamba ana keratokonasi na kwamba ameanza kuvaa lenzi. Kazi yake inategemea macho kuliko kazi za wengi wetu.

Lenzi ndogo ngumu ni rahisi kuliko lenzi kubwa za sklera, zile zinazokaa kwenye weupe wa jicho bila kuigusa konea. Lakini vumbi la Nairobi likiingia chini ya lenzi ndogo, mvaaji atasimama kando ya barabara akilia machozi. Lenzi ya sklera hukaa imara na hupitisha vumbi kwa nadra. Gharama yake haiishii dukani: kila siku inataka maji maalumu ya kuijaza yasiyo na kihifadhi, dawa ya kuisafisha, na baada ya miaka michache lenzi mpya. Usiulize bei ya jozi peke yake. Uliza bei ya jozi pamoja na mwaka mmoja wa maji yake, idadi ya marudio ya kuipima upya iliyomo ndani ya bei, na kinachotokea ikivunjika. Na maji ya bomba yasiguse lenzi kamwe, hata kwa kuisuuza haraka. Kuna kijidudu cha majini kiitwacho akanthamiba kinachoweza kuiharibu konea kabisa, na matibabu yake ni marefu na ghali kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Kuna pete ndogo za plastiki zinazopenyezwa ndani ya konea ili kuinyoosha. Huwafaa wagonjwa waliochaguliwa, na hazichukui nafasi ya krosilinki. Mwisho kabisa ni kupandikizwa konea ya marehemu. Keratokonasi ni miongoni mwa magonjwa ambayo upandikizaji hufanikiwa vizuri, tofauti na makovu ya maambukizi. Ila aliyepandikizwa hulipia konea, upasuaji, mishono inayoweza kukaa mwaka mzima au zaidi, matone ya kuzuia mwili kuikataa, na uangalizi wa maisha yote. Mara nyingi bado atahitaji miwani au lenzi juu yake. Ukiweka safari hiyo yote kando ya krosilinki iliyofanywa mapema, ndipo unaona kwa nini kwa kijana nasema wazi: fedha zikitosha kitu kimoja tu, na ramani inaonyesha ugonjwa unasonga, zuia kwanza. Kwa mtu mzima ambaye konea yake imetulia, fedha zile zile ziende kwenye lenzi.

Mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa huu ni mwanafunzi, kwa hiyo kalenda ya shule ina uzito kama bei. Siku tatu hadi tano za mwanzo ni za maumivu, macho kutokwa machozi na kuogopa mwanga. Wiki inayofuata ni ya matone ya mara kwa mara, kazi isiyofanyika bwenini. Likizo ya Aprili au Agosti hutosha kwa jicho moja, na ile ndefu ya Novemba na Desemba hutoa nafasi ya macho mawili kwa kupishana, lililo hatarini zaidi likitangulia. Asikazwe konea wiki chache kabla ya mtihani wa KCSE, kwa sababu ya ule ukungu. Mwalimu mkuu apewe barua ya daktari inayosema mtoto akae mbele, na awe na ruhusa ya kutia dawa.

Halafu kuna sehemu ya tiba ambayo haina mashine. Kufikicha macho huisukuma konea ile ile uliyolipa kuikaza, na watoto wengi wenye keratokonasi wana mzio unaowawasha usiku na mchana. Mzio utibiwe kwanza na uendelee kutibiwa: matone ya mzio aliyoyaandika daktari, kitambaa chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, mto wa kulalia unaofuliwa mara kwa mara. Usinunue matone ya steroidi kwenye duka la dawa kwa sababu yalimsaidia mtoto wa jirani. Yanatuliza muwasho upesi, lakini yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma, ambayo haina maumivu mpaka uharibifu uwe umekwisha kufanyika.

Na kama mtoto mmoja nyumbani ameonekana kuwa nao, wapeleke ndugu zake wakapigwe ramani pia, hata wale wanaosema wanaona vizuri. Ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Kliniki zingine hukubali kupunguza bei ya ramani mkija ndugu wawili watatu siku moja, lakini ni lazima uombe, maana bango la bei halitakuambia.